Nauli kwanza, sifa baadaye

Habari za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hazikufuati mezani. Ziko Nyamongo kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara, ziko Sirari mpakani, ziko kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi ya Serengeti, ambako tembo wakiingia shambani usiku mahindi yamekwisha. Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipobadilika rangi na samaki wakafa, mwandishi aliyetaka kujua kilichotokea ilimbidi afike ukingoni aongee na wavuvi na wachota maji, ndipo asome ripoti ya kamati ya uchunguzi ya Profesa Samwel Manyele iliyotaja kinyesi cha mifugo miongoni mwa vyanzo.

Sasa mfikirie mwandishi anayetembelea magongo, anaishi Tarime mjini, na stori iko kijijini. Mvua imenyesha, njia ni tope. Mwenzake anadandia bodaboda yoyote, anashuka popote, anamalizia kwa miguu. Yeye lazima akodi bajaji impeleke, imsubiri, imrudishe. Stori zote mbili zikitoka gazetini zinalipwa sawa, tena baada ya kuchapishwa, na nauli na bando kila mmoja amejilipia. Kwa hiyo kadiri anavyofanya kazi kwa bidii, ndivyo anavyozidi kupata hasara. Baada ya muda anaanza kuandika za ofisini kwa mkuu wa wilaya tu, na sisi wahariri tunasema hana makali. Kikwazo hicho tumekiweka sisi, na kukiondoa ni juu yetu.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia tatu yao ni watu wenye ulemavu. Lakini mwandishi wa kujitegemea wa wilayani hana mkataba wa ajira, hivyo hayumo kwenye hesabu. Chombo kinaweza kutimiza sheria makao makuu Dar es Salaam bila kumgusa hata mwandishi mmoja wa Mugumu, wilayani Serengeti.

Kazi yenyewe pia imewahi kuwajeruhi watu wetu. Mhariri Saed Kubenea alimwagiwa tindikali ofisini Januari 2008, akapelekwa India kutibiwa macho. Mhariri mwingine, Absalom Kibanda, alishambuliwa Machi 2013 na kupoteza jicho la kushoto. Wote wawili walirudi kazini. Walikuwa na majina, walikuwa na madawati ya kurudia. Kijana anayeanza kazi akiwa tayari na ulemavu hana dawati linalomsubiri, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Kuna kosa jingine, la watu wenye nia njema. Mwaka 2015, mauaji ya watu wenye ualbino yakiwa yanatikisa nchi, Henry Mdimu, mwandishi mwenye ualbino, alianzisha kampeni ya Imetosha kuyapinga. Alifanya jambo kubwa. Lakini isiwe kwamba kila mwandishi mwenye ulemavu anapewa habari za ulemavu tu, na siku akiandika za madini tunashangaa. Gary O'Donoghue wa BBC haoni. Julai 2024 alikuwa Butler, Marekani, Donald Trump alipopigwa risasi, na mahojiano yake na shuhuda mmoja yalisikika duniani kote. Alikwenda pale kuripoti siasa.

Turudi Mara. Inapofika Desemba ya mwaka wa msimu wa ukeketaji, wasichana wa Kikurya hukimbilia nyumba salama za Masanga na Mugumu. Binti wa namna hiyo hahojiwi mbio mbio. Unakaa naye kwenye benchi, kinasa sauti kimezimwa, unangoja mpaka aamue mwenyewe kuongea. Sura yake haitatolewa, jina lake halitaandikwa. Kinachobaki ni sauti yake na subira yako. Mwandishi asiyeona anapungukiwa nini hapo?

Toleo hili tumewaachia waandishi wenye ulemavu, na habari zao tumezihariri kwa kalamu ileile kali tunayowahariria wengine wote. Zile zilizokosa upande wa pili tulizirudisha.

Mhariri mwenzangu, ukiwa na mwandishi wa namna hii wilayani kwako, mtumie nauli kabla hajaondoka nyumbani, nauli ya bajaji kama ndiyo anayoihitaji. Kisha mdai stori kwa wakati.