Megabiti Hazifupishi Bahari
Na Asha Juma

Mhandisi wa Dar es Salaam anafungua programu ya ramani iliyo kwenye seva ya Frankfurt. Dirisha linatokea tupu. Mistari inafuata, kisha vitufe, kimoja kimoja. Ofisini uamuzi ni ule ule: kasi iongezwe. Bili inapanda, megabiti 20 zinakuwa 100, na dirisha linaendelea kujivuta.

Fedha hizo zinauma, maana chanzo kingejulikana kwa dakika chache za kupima.

Dirisha hilo huletwa na mfumo wa madirisha wa X, unaotumika kwenye mashine nyingi za Linux na ulioanzia chuo cha MIT mwaka 1984. Toleo lake la X11, la mwaka 1987, lipo kazini hadi leo. Programu huendeshwa kwenye mashine moja na kuonekana kwenye nyingine, na kila mara huuliza skrini jambo fulani na kungoja ijibu. Mashine zikiwa jengo moja, majibu hurudi kabla mtu hajapepesa jicho.

Baharini mambo ni mengine. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kebo ya kilomita 10,000 hula milisekunde 100 kwenda na kurudi, bado vifaa vya njiani. Programu ikiuliza maswali 200 moja baada ya jingine, na kila jibu likichukua milisekunde 150, nusu dakika imekwisha. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, wengi walitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 angani, ambako swali moja tu hungoja zaidi ya nusu sekunde.

Mwaka 2003 Keith Packard na Jim Gettys, wote wajenzi wa X, waliupima mfumo huo wakaona kwamba kusubiri majibu kunaukwamisha kuliko wembamba wa njia. Ni zaidi ya miaka 20 sasa, na bado wauzaji wa intaneti wanatangaza megabiti peke yake!

Vipimo vyenyewe ni vyepesi. Amri ya ping huonyesha muda wa kwenda na kurudi. Kisha fundi aangalie matumizi ya laini wakati dirisha linafunguka. Laini ikiwa imejaa, mzigo wa picha ni mkubwa, na kuubana kwa amri ya ssh -C kutasaidia. Ikiwa karibu tupu huku dirisha likisuasua, basi programu inangoja majibu, na kubana data hakutaiponya. Seva nayo ichunguzwe: isiyo na kadi ya michoro huchora maumbo ya 3D kwa prosesa, ikahema, na mtandao ukabebeshwa lawama.

Pale kungoja kunapothibitika, maswali yamalizikie huko huko kwenye seva, na mtumiaji aletewe picha iliyokamilika. Programu ya VNC, iliyobuniwa kwenye maabara ya Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1990, hufanya hivyo. NX ya NoMachine hupunguza safari za maswali kwa kuyajibu karibu na programu. Inafaa ofisi zianze na hizo, na mkataba wa intaneti ukija mezani, zidai milisekunde ziandikwe kando ya megabiti.