Kosa la Kung'oa Kahawa

Wapo wakubwa ambao hata leo husema kwamba mkulima mdogo ni mvivu na hajui soko. Ndugu wananchi, na tuwaulize swali moja: kati yao na yeye, ni nani aliyeshindwa kulisoma soko?

Julai 1989 mapatano ya kimataifa ya mgao wa kahawa yalivunjika, na kwa miezi michache bei ikaporomoka kwa karibu nusu. Mwenye ekari moja Murang'a au Kirinyaga hakuhitaji kuhutubiwa. Alitazama kilichosalia baada ya bodi, kinu na chama cha ushirika kukata makato yao, akaelewa. Lakini afanye nini? Mwenye mahindi hubadili zao kwa msimu mmoja. Mti wa kahawa huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa, na Sheria ya Kahawa ya wakati ule, Sura ya 333, ilimkataza kuung'oa bila kibali. Mti alioupanda kwa mikono yake, katika shamba la babake!

Basi akapiga hesabu ambayo wakubwa waliiita uzembe. Aliacha kununua dawa na mbolea. Akapanda maharagwe katikati ya mistari na majani ya ng'ombe ukingoni, kwa kuwa maziwa hulipa upesi, na fedha zake aghalabu hufika mkononi mwa mama wa nyumba, ambaye huchuma kahawa ilhali nambari ya uanachama ni ya mumewe. Wengine waling'oa kwa siri. Wengi waliiacha mizizi hai. Na baridi kali ilipoiunguza kahawa ya Brazil mwaka 1994, bei ikapaa, walirudi kupogoa. Je, huyo ndiye mjinga?

Nchi iliyovuna karibu tani 130,000 msimu wa 1987/88 ikaja kuvuna chini ya nusu ya hizo. Sheria haikuokoa hata debe moja. Ilimfunga mkulima mikono, wala haikumfunga yeyote aliyechelewesha malipo yake.

Sura ya 333 ilifutwa mwaka 2001. Tabia iliyoizaa haikufutwa kwa kalamu. Kwa hiyo, katika mkutano mkuu wa chama chenu, msikubali kusomewa jumla tupu. Daini bei ya mnada, kila kato kwa jina lake, na tarehe ya malipo. Kamati ikikataa kujibu, kura mnayo.