Waliiga Ngumi, Wakaacha Hoja

Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32. Mwezi uliofuata filamu yake "Enter the Dragon" ilianza kuonyeshwa, ikavuma duniani kote. Wafanyabiashara wenye haya wangemzika marehemu, kisha wakatafuta kipaji kingine chenye jina lake chenyewe. Hawa walimfufua maiti ili waendelee kumchuma.

Ho Chung-tao, kijana wa Taiwan, alibandikwa jina la Bruce Li. Huang Kin-lung akageuzwa Bruce Le, na mwingine akaitwa Dragon Lee. Mwaka 1976 ikatolewa "Bruce Lee Fights Back from the Grave". Mwanzoni radi inapiga kaburi na mtu anachomoka humo. Baada ya hapo hadithi inakwenda zake, wala haimhusu marehemu hata kidogo. Katika "Game of Death" ya mwaka 1978, iliyokamilishwa kwa kutumia watu wa kumwakilisha, picha za mazishi yake halisi zilitiwa ndani ya hadithi ya kubuni. Biashara ya namna hiyo ina jina lake kwa Kiswahili: kula rambirambi.

Gharama ya karamu hiyo walilipa wanyonge. Jijini Dar es Salaam, vijana walijazana Empire, Empress, Avalon na Odeon kumtazama Bruce Lee. Sinema hizo zilipofifia, vibanda vya video vikashika nafasi yao mitaani. Humo filamu halisi na ya bandia zilikuwa na kiingilio kimoja, na mchukuzi wa Kariakoo, aliyetoa sarafu ya jasho lake, hakuwa na njia ya kujua kwamba jina lililoandikwa mlangoni lilipungukiwa herufi moja.

Wako wakubwa waliofoka kwamba kung fu yote ni uhuni. Hao nao walikosea, maana hawakujiuliza kijana alipenda nini. Katika "The Big Boss" ya mwaka 1971, kijana wa shamba anafika mjini kutafuta kazi katika kiwanda cha barafu. Wenzake wanatoweka mmoja mmoja, hadi anagundua kwamba tajiri anaficha dawa za kulevya ndani ya barafu. Mtu anayebeba barafu kwenye soko la samaki Kivukoni hahitaji kutafsiriwa kisa hicho. Katika "Fist of Fury" ya mwaka 1972, bango mjini Shanghai linawakataza mbwa na Wachina kuingia bustanini, na Bruce Lee analivunja kwa teke. Dar es Salaam ni mji ambao mkoloni aliugawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, akauacha uwanja wa Mnazi Mmoja kuwa mpaka. Watazamaji wake walilifahamu bango lile hata kama lao halikuandikwa kwa rangi.

Waigaji walichukua teke, wakaliacha bango. Katika filamu zao adui ni adui kwa sababu tu steringi lazima apate mtu wa kumpiga. Hakuna tajiri mnyonyaji, hakuna mgeni anayemdharau mwenyeji, hakuna mfanyakazi aliyedhulumiwa. Kijana hutoka humo akijua namna ya kupiga, lakini hajui ampige nani wala kwa nini. Ngumi ya namna hiyo humwangukia aliye karibu: jirani, mke, mwanafunzi mwenzake. Hiyo ndiyo hasara kubwa, kuliko sarafu iliyopotea mlangoni.

Je, dawa yake ni mkasi? Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 iliweka utaratibu wa ukaguzi, na ukaguzi una kazi yake. Lakini mkasi hukata, haushoni. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, iliyoanzishwa mwaka 1968, ilisambaza filamu nyingi za nje na kutengeneza chache mno za nyumbani, mojawapo ikiwa "Fimbo ya Mnyonge". Jina hilo peke yake lilikuwa na hoja ambayo waigaji wote wa Bruce Lee hawakuwa nayo: liliuliza silaha ya mnyonge ni ipi.

Leo filamu za Kiswahili zinatengenezwa nchini, na simu ya mkononi imekuwa kibanda kipya. Kishawishi ni kile kile: kunakili kilichovuma, kuvaa sura ya mwingine, kuuza haraka. Wahenga walikwisha sema kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Mwalimu asiishie kumnyang'anya mwanafunzi simu, na mtumishi wa umma asidhani kwamba kazi yake imekwisha akishagonga mhuri. Wote wamzoeze kijana kuuliza swali moja kila anapomwona steringi akikunja ngumi: huyu anapigania nini? Filamu isiyo na jibu haistahili sarafu yake.