Uhaini Haurithiwi kwa Damu

Hakuna dola isiyo na siri, wala hakuna siri isiyo na adui anayeinyemelea. Kwa hiyo hatubishani na wasemao kwamba kila anayekabidhiwa siri za Taifa sharti kwanza afanyiwe upekuzi. Tunachokipinga ni kasumba inayodai kwamba mwananchi mwenye mama, mke au shemeji katika nchi ya kigeni ni nusu msaliti hata kabla hajatenda neno.

Tuitazame kasumba hiyo kwa wakubwa wa dunia. Mwongozo wa upekuzi wa Marekani ulioanza kutumika Juni 2017 unayahesabu mahusiano na watu wa nje kuwa jambo la kutiliwa mashaka. Mwombaji huwataja wazazi, ndugu na wakwe zake walio raia wa nchi nyingine, na shaka ikibaki, humwangukia yeye. Mzaliwa wa Tanga aliyechukua uraia wa huko hana budi kumweleza mpekuzi habari za mama yake mzazi.

Hoja yao tuisikilize. Adui aweza kumtisha mzee wa mtu ili mwanawe atoe siri. Hatari hiyo ni ya kweli, na ni haki mpekuzi aulize. Lakini kuuliza si kuhukumu.

Mwaka 1942 Marekani hiyo hiyo iliwafungia makambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia waliozaliwa huko huko. Kosa lao lilikuwa damu. Mwaka 1988 serikali iliwaomba radhi kwa sheria, na kila aliyekuwa hai akatengewa fidia ya dola 20,000.

Je, wasaliti wenyewe walikuwa nani? John Walker, askari wa jeshi la majini, aliwauzia Warusi siri kwa miaka mingi hadi alipokamatwa mwaka 1985. Robert Hanssen wa FBI, mzaliwa wa Chicago na mtoto wa polisi, alikamatwa mwaka 2001 baada ya kupokea fedha na almasi. Hawa hawakuvutwa na shangazi aliyekuwa Moscow. Walivutwa na fedha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nasi Watanzania tujihadhari tusiivae kasumba hiyo. Mipaka yetu ilichorwa na wakoloni bila kuwauliza wenye nchi. Wamakonde wako Mtwara na wako Cabo Delgado. Wamasai wako kwetu na wako Kenya. Familia nyingi za Unguja na Pemba zina ndugu Oman. Kumnyima mwananchi dhamana kwa sababu hiyo tu ni kumwachia mkoloni atuchagulie nani mwaminifu. Tukumbuke pia kwamba FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam mwaka 1962, na undugu wa ng'ambo ya Ruvuma ukawa nguvu ya ukombozi. Na mwaka 1961, Bungeni, Mwalimu Nyerere aliwapinga kwa ukali waliotaka uraia upimwe kwa rangi.

Zaidi ya hayo, kasumba hii humsaidia adui. Mwananchi akijua kwamba kumtaja ndugu yake wa nje ni kujifukuzisha kazi, atamficha. Na anayemficha ndugu amempa adui kamba ya kumfungia, kwani sasa ana jambo la kutishiwa. Lakini aliyemtaja hadharani hana cha kutishiwa.

Basi mpekuzi na aulize maswali yenye maana. Je, ndugu huyu amesema kweli kuhusu jamaa zake? Je, nyumba anayoijenga inalingana na mshahara wake? Je, ana madeni yanayomkaba? Matendo yake kazini yamekuwaje?

Ulinzi wa Taifa ni wajibu wa kila mzalendo. Uzalendo hupimwa kwa matendo ya mtu mwenyewe, haupimwi kwa makaburi ya babu zake.