Nani Atajibu Ukuta Ukianguka?

Ndugu vijana,

Mvua za mwezi wa tisa zinapokaribia, sisi wakaaji wa Bukavu hulala sikio moja likiwa wazi. Mji wetu umejengwa juu ya vilima, nyumba zimepandana bega kwa bega, na udongo wake ukishiba maji hutelemka bila kubisha hodi. Wengi wenu mtajenga katika miaka ijayo: huyu nyumba ya arusi, yule chumba cha kuongeza nyuma ya nyumba ya wazazi, mwingine atatumwa na shangazi aliye ng'ambo asimamie kazi kwa fedha yake. Tena wamo kati yenu watakaokuwa wajenzi wenyewe. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaambia jambo moja ambalo sisi tulijifunza kwa aibu: kabla ya kuuliza bei ya nyumba, ulizeni ni nani atakayejibu ukuta ukianguka.

Miaka kadhaa iliyopita, sisi wa chama tuliamua kumjengea mjane mmoja wa shirika letu nyumba ya vyumba viwili na sebule, katika parseli ndogo aliyoachiwa na marehemu mume wake kwenye mteremko wa Kadutu. Tulichanga kwa miezi minane. Watu wawili walikuja kutazama mahali. Wa kwanza alikuwa mjenzi wa kartie yetu, mwenye kampuni iliyoandikishwa. Alipima mteremko, akachimba shimo la kufika kiunoni ili auone udongo, akarudi baada ya siku tatu na devi ya kurasa mbili. Ndani yake mlikuwa na ukuta wa mawe wa kushikilia udongo nyuma ya nyumba, na mfereji wa kupitisha maji ya mvua. Vitu hivyo viwili peke yake vilikula karibu robo ya fedha yote. Wa pili alikuwa fundi kijana, mwenye mikono mizuri na asiye na karatasi yoyote. Hakupima kitu. Alitaja bei kwa mdomo, nayo ilipungua kwa theluthi. Tulimchagua huyo wa pili, tukajisifu kwamba tumelinda fedha ya maskini.

Kuta zilipofika urefu wa mtu, fedha ilianza kwisha. Fundi mwenyewe alituambia kwamba nyuma ya nyumba pahitaji mfereji. Tulimjibu kwamba mjane atauchimba mwenyewe kidogo kidogo. Kisha tulimwomba aivute simenti. Mfuko wa kilo 50 aliokuwa akiuchanganya na buruweti mbili za mchanga, tulimtaka auchanganye na nne. Alitutazama, akanyamaza, akafanya. Baadaye ulipotokea ufa, hatukuuziba. Tuliupaka chokaa, sisi tuliolelewa kwa methali ya ufa na ukuta.

Usiku mmoja wa mwezi wa nne, mvua ilinyesha hadi alfajiri. Ukuta wa nyuma ulianguka kuelekea ndani, juu ya kitanda cha watoto. Kitanda kilikuwa kitupu, kwa sababu paa lilikuwa linavuja upande ule na mama alikuwa amewahamishia watoto sebuleni. Ni mvujo huo tu uliotuepusha na mazishi.

Asubuhi yake tulimtafuta fundi. Simu yake haikuita. Tulimwita mwizi mbele ya watu, na sehemu ya mwisho ya mshahara wake, ambayo hatukuwa tumemlipa, tukaizuia. Wiki tatu zikapita, akatukuta uani mwa parokia, akasema kwa upole: “Wazee wangu, mfereji niliuomba mimi. Simenti mliipunguza ninyi. Kama ningalikataa, mngalimwita mwingine.” Hatukuwa na jibu. Hakukuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha nani aliagiza nini. Yeye hakuweza kutushika sisi, wala sisi hatukuweza kumshika yeye, na kati yetu alikaa mjane bila ukuta.

Hapo ndipo tulipoelewa maana ya kibali. Tulikuwa tukidhani ni muhuri wa kulisha maofisi. Lakini kibali ni jina lenye anwani. Mjenzi aliyeandikwa katika rejista ya biashara, ile iitwayo RCCM kwa kanuni za OHADA ambazo nchi yetu imezifuata tangu mwaka 2012, na mwenye namba ya kitambulisho cha taifa na namba ya kodi, ni mtu anayeweza kuitwa na kuitika. Sheria yetu ya mikataba, tangu dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, yasema kwamba jengo lililojengwa kwa bei ya mapatano likianguka, lote au sehemu, kwa kosa la ujenzi au hata kwa kosa la udongo, mjenzi hujibu kwa muda wa miaka 10. Lishikeni neno hilo: hata kwa kosa la udongo. Mjenzi wa kweli hawezi kujitetea kwamba mteremko ulimdanganya, kwa maana kuujua mteremko ni sehemu ya kazi anayolipwa. Sasa twaelewa kwa nini yule wa kwanza alichimba shimo. Lakini miaka 10 hiyo itamfaa nini mtu aliyejengewa na mjenzi asiye na jina katika daftari lolote, wala mkataba wenye sahihi?

Twajua mtakayotujibu. Mtasema kwanza kwamba mwenye kibali ni ghali. Mara nyingi ni kweli, lakini linganisheni vitu vinavyolingana. Sisi hatukupata nyumba ile ile kwa bei ndogo. Tulinunua nyumba nyingine, isiyo na mfereji wala ukuta wa mawe, kisha tukavilipia vyote baada ya msiba, pamoja na matofali mapya.

Mtasema pili kwamba karatasi hununuliwa, na kwamba wapo wenye mihuri mingi na mikono mibaya. Hilo nalo ni kweli, na hatutalificha. Karatasi haimpi mtu mikono. Ndiyo maana twasema mjenzi mwenye kibali, tena wa hapa petu. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, ardhi ilipotetemeka hapa Bukavu na ng'ambo ya Ruzizi, kila ukuta ulijaribiwa kwa kile kilichomo ndani yake. Ukuta ukishapakwa rangi, macho hayaoni tena kiasi cha simenti wala unene wa ferabeto. Basi nendeni mkaone nyumba aliyoijenga miaka mitano iliyopita, na mwende wakati wa mvua. Mwulizeni mwenye nyumba mambo mawili: je, alimaliza kazi? Na alipoitwa tena kwa ajili ya ufa, alirudi? Aliye jirani hawezi kukwepa macho ya watu aliowajengea, maana hukutana nao sokoni kila juma.

Mtasema tatu kwamba tukidai vibali, twawafungia mlango mafundi vijana wasio na shule. Neno hilo latugusa kuliko yote. Lakini tazameni vizuri ni nani anayewaweka gizani. Ni sisi wenye fedha, tunaopenda fundi asiyeweza kudai kitu. Fundi mwenye mikono mizuri aweza kujifunza INPP, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye kituo hapa Bukavu. Aweza kuingia chini ya mjenzi aliyeandikishwa, au kuungana na wenzake watatu wakaandikisha kampuni yao. Twajua kwamba njia ya maofisi ina gharama na usumbufu. Hata hivyo, kila tunapomkimbilia asiye na jina ili tumlipe kidogo, twamfundisha kwamba jina halina faida.

Mwenye nyumba naye ana wajibu, na hapa twajihukumu wenyewe. Apate ruhusa ya kujenga kabla ya jembe la kwanza, kwa maana tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni mali ya Serikali, na anayejenga mahali palipokatazwa huenda akabomolewa bila fidia. Adai devi yenye hesabu ya mifuko, mawe, vyuma na siku za kazi, na jina la kapita atakayesimama pale kila siku. Alipe kwa hatua, kazi ikionekana, wala asitoe fedha yote mwanzoni. Akibadili neno, abadili kwa maandishi yenye sahihi mbili. Na awe na uvumilivu: beto huhitaji kumwagiwa maji kwa muda wa juma moja, na nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Anayemharakisha mjenzi kwa sababu ya tarehe ya arusi anajenga tarehe, hajengi nyumba. Bwana wetu alipotaka kufundisha habari ya kuhesabu gharama, alichagua mfano wa mtu ajengaye mnara. Fedha ikipungua, heri kujenga chumba kimoja chenye mfereji kuliko viwili visivyo nao.

Yule mjane ana nyumba leo. Tulirudi kwa mjenzi wa kwanza, tukatia sahihi devi yake bila kufuta mstari. Kabla ya hapo tulimwendea fundi kijana kwao, tukamlipa mshahara tuliomzuilia, tukamwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia tukimwita mwizi. Kazi ilipoanza, mjenzi alimwandika katika kundi lake. Ni yeye aliyeujenga mfereji.

Vijana wapendwa, katika mkutano wenu ujao tazameni jengo moja linaloinuka katika kartie yenu na mjiulize pamoja: likianguka, ni nani atakayeitwa kwa jina lake? Na ikiwa hakuna anayemjua, ni nani kati yetu aliyependa iwe hivyo?