Anayekataa na Ahesabiwe

Methali yetu yasema, "Wengi wape." Haisemi kwamba wachache wanyang'anywe, wala haiwaamuru wafunge vinywa. Katika bunge lolote lenye heshima wachache wana haki ya kusema, kuuliza, kukagua na kupinga mpaka mwisho wa shauri. Lakini iko haki moja ambayo siikubali kuwa ni yao, nayo ni haki ya kukiacha kiti cha umma bila mtu, pasipo kupiga kura ya kumkataa anayetakiwa kukikalia. Jambo hilo limetendeka Marekani, nasi twaweza kujifunza kwalo.

Tuanze na sheria. Katiba ya Marekani humpa Rais mamlaka ya kuteua mawaziri, mabalozi na majaji kwa ushauri na kibali cha Seneti. Walioiandika mwaka wa 1787 waliishi katika zama za farasi na merikebu. Seneti ilipofunga kikao, wajumbe walitawanyika kwa miezi mingi, na hapakuwa na njia ya kuwaita upesi. Kwa hiyo Katiba ikaongeza kwamba Seneti inapokuwa mapumzikoni Rais aweza kujaza nafasi iliyo tupu, na aliyeteuliwa hivyo atashika kazi mpaka mwisho wa kikao kinachofuata. Mwaka wa 1795 George Washington alimteua John Rutledge kuwa Jaji Mkuu kwa njia hiyo. Seneti iliporudi mwezi wa Desemba ilimkataa kwa kura 14 dhidi ya 10, naye akaondoka. Mambo yalikwenda sawa: Rais aliteua, Seneti ikahesabu kura, shauri likaisha.

Baadaye ruhusa hiyo iligeuzwa kuwa mlango wa nyuma. Mwaka wa 1903 kikao kimoja cha Seneti kilifungwa na kingine kikafunguliwa papo hapo. Rais Theodore Roosevelt alidai kwamba ule mpito wa kufumba na kufumbua ulikuwa mapumziko, akateua watu zaidi ya 160, wengi wao maofisa wa jeshi. Mwaka wa 2005 Rais George W. Bush alimpeleka John Bolton kuwa balozi katika Umoja wa Mataifa Seneti ikiwa mapumzikoni, kwa kuwa wachache walikuwa wamezuia kura yake. Siwatetei marais hao. Anayevizia mwenye nyumba atoke ndipo aingie, hata akiwa na ufunguo, hatendi la uungwana.

Lakini tazama sasa jinsi mlango huo ulivyokuja kufungwa. Katiba hiyo hiyo yasema kwamba hakuna baraza katika mawili ya bunge litakaloahirisha kikao kwa zaidi ya siku tatu bila ya kibali cha lile jingine. Mwaka wa 2011 Chama cha Republican kilikuwa na maseneta 47 tu kati ya 100, lakini kilikuwa na wengi katika Baraza la Wawakilishi. Baraza hilo halikutoa kibali. Seneti, ingawa iliongozwa na chama cha Rais Barack Obama, ikalazimika kukutana kila baada ya siku chache. Mkutano wenyewe ulikuwaje? Seneta mmoja huingia katika ukumbi usio na watu, hupiga nyundo kufungua, hupiga tena kufunga, na pengine dakika moja haijatimia. Hila hii haikuwa mpya: Chama cha Democratic, kilipokuwa na wengi katika Seneti, kiliitumia kumzuia Bush tangu Novemba 2007. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wachache hao walikuwa na silaha ya pili. Kwa kanuni za Seneti za wakati ule, kufunga mjadala juu ya mtu aliyependekezwa kulihitaji kura 60. Sheria ya mwaka wa 2010 ilikuwa imeunda idara ya kuwalinda watu wanaokopa na kuweka fedha. Mei 2011 maseneta 44 walimwandikia Rais kwamba hawatamkubali mkuu yeyote wa idara hiyo, awe wa chama chochote, mpaka muundo wake ubadilishwe. Wasomaji, lipimeni neno hilo. Hawakusema kwamba mtu fulani ni mwizi au mjinga. Walisema kwamba hakuna binadamu atakayefaa. Tarehe 8 Desemba jina la Richard Cordray lilipoletwa, 53 walitaka mjadala ufungwe, 45 wakakataa, na 45 wakashinda. Sheria ambayo hawakuwa na kura za kuifuta, waliilemaza kwa kuinyima mkuu.

Wakati huo huo Halmashauri ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, yenye viti vitano, ilikuwa yaelekea kubaki na wajumbe wawili. Akidi yake ni watatu. Mwaka wa 2010 Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha amua kwamba wawili hawana mamlaka, ingawa walikuwa wametoa hukumu karibu 600. Halmashauri hiyo ndiyo humsikiliza mfanyakazi aliyefukuzwa kwa sababu ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Yeye hakuwa na kosa katika ugomvi wa maseneta, lakini yeye ndiye angebaki bila pa kupeleka malalamiko yake.

Tarehe 4 Januari 2012 Obama aliteua wajumbe watatu wa Halmashauri pamoja na Cordray, akidai kwamba vile vikao vitupu si vikao. Kiwanda kimoja cha kutia vinywaji katika chupa kikapinga hukumu ya Halmashauri, na tarehe 26 Juni 2014 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu wakaamua kwamba Rais alikosea. Mahakama ilisema kwamba Seneti iko kikaoni ikisema iko kikaoni, maadamu yaweza kufanya kazi. Na kweli tarehe 23 Desemba 2011, katika mkutano wa namna hiyo, ilikuwa imepitisha mswada wa kodi. Mapumziko ya siku tatu ni mafupi mno. Naikubali hukumu hiyo, kwa kuwa Rais asipewe kuamua ni lini bunge limelala. Lakini si kila kilicho halali ni chema.

Mtu atasema, "Wachache wa leo ndio wengi wa kesho, ukiwanyang'anya ngao yao, utailia siku yako ikifika." Maneno hayo yana uzito. Lakini ngao humkinga aliyeibeba, haifungi barabara ya watu wote. Julai 2013 Cordray yule yule alithibitishwa kwa kura 66 dhidi ya 34, na muundo wa idara yake haukuwa umebadilishwa. Ikiwa alifaa mwaka ule, miaka miwili ya kukinyima kiti mtu ilimfaa nani? Wala uzuiaji wa namna hii hauleti amani. Novemba 2013 wengi walichoka, wakaiondoa kanuni ya kura 60 katika uteuzi mwingi. Aprili 2020 Rais Donald Trump alitishia kuyaahirisha mabaraza yote mawili kwa nguvu, kwa kifungu ambacho hakuna rais aliyewahi kukitumia, hakutimiza. Kufuli isiyo na haki humfundisha jirani kutafuta shoka.

Sisi wa Kenya tumechukua desturi hii ya ukaguzi. Katiba yetu ya mwaka wa 2010 yataka mawaziri wathibitishwe na Bunge la Taifa. Lakini sheria yetu ya mwaka wa 2011 yasema kwamba muda uliowekwa ukipita, na Bunge halijakubali wala kukataa, mtu huyo atahesabiwa amekubaliwa. Kimya cha Washington hukataa. Kimya cha Nairobi hukubali. Kimya chetu nacho kina hatari yake, kwani mvivu aweza kumpitisha mtu asiyefaa kwa kulala tu. Hata hivyo chamlazimisha anayepinga asimame, ataje sababu, ahesabiwe.

Vijana, ninyi mtakaa katika kamati za shule, za ushirika na za serikali. Siku moja mtakuwa wachache. Siku hiyo pingeni kwa hoja, ulizeni maswali magumu, na kura ikipigwa inueni mikono mbele ya watu. Mkishindwa, nafasi ijazwe na kazi ya umma iendelee, nanyi mbaki na haki ya kumwangalia aliyeishika.