Maji ya Usambara na Bomba la Mafuta



Wapo wenzetu watakaouliza: gazeti la visiwani lina haja gani na maji ya Lushoto? Twajibu kwamba haja ipo, tena kubwa. Kabichi na karoti zinazouzwa Darajani, nyingi zimevuka bahari kutoka milima ile. Na bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, mwisho wake ni Chongoleani, Tanga, ng'ambo tu ya mkondo wa Pemba.

Ni kweli kuwa bomba lenyewe halipandi Lushoto. Njia yake ni chini, katika nchi ya Handeni, Korogwe na Muheza, nayo inauvuka mto Pangani. Lakini Pangani nao hunyweshwa na milima: maji ya Usambara huuteremkia kwa Mkomazi na kwa Lwengera. Wala si yote yanayoonekana. Mvua ya juu hunywewa na ardhi, ikatembea chini kwa chini, polepole mno, mpaka ikatokea katika kisima cha mtu wa bondeni asiyejua imetoka wapi.

Tusiseme kwa kubahatisha. Mfano umekwisha tokea kwa jirani zetu wa Kenya. Mwezi wa Mei 2015 bomba la zamani la kampuni ya Kenya Pipeline, lililojengwa katika miaka ya 1970 kuchukua mafuta kutoka Mombasa mpaka Nairobi, lilionekana linavuja Thange, karibu na Kibwezi, katika kaunti ya Makueni. Mafuta yaliingia mtoni na katika ardhi ya wakulima. Wananchi wakaenda mahkamani. Hukumu ilitolewa Julai 2025: zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kenya, kwa watu zaidi ya 3,000. Miaka kumi! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa khasara ile alikwisha kujua kuisoma hukumu yake mwenyewe.

Katika mashauri ya namna hii swali gumu ni moja: maji yalikuwaje kabla? Mafuta hupenya mchanga mpaka yakute maji ya chini, yakaelea juu yake. Masika maji yakipanda, nayo hupanda. Kiangazi yakishuka, nayo hushuka, yakiupaka udongo kila yapitapo. Na imo ndani yake sumu iitwayo benzeni, iletayo saratani ya damu, ambayo huyeyuka majini na kusafiri nayo bila ya rangi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa gramu moja tu katika lita laki moja za maji ya kunywa. Mafuta ya Uganda ni mazito kama nta, hata yapashwe moto ndipo yaende, na hayakimbii ardhini kama petroli. Lakini benzeni haikosekani katika mafuta ghafi.

Kwa hiyo macho na pua havitoshi. Yapasa vichimbwe visima vya kupimia, visipungue vitatu, tena visiwe katika mstari mmoja, ili kima cha maji kikilinganishwa ijulikane yanaelekea upande gani. Kimoja kiwe juu ya bomba, upande wa milimani. Hicho ndicho shahidi wa maji yalivyokuwa kabla ya kukutana na bomba. Mpimaji ayavute kwanza maji yaliyolala kisimani, ayamwage, ndipo achukue yaliyo mapya. (Aliyepata kuteka kisima kilichoachwa mwezi mzima anaijua sababu.) Na arudi masika na kiangazi, hata baada ya tundu kuzibwa, kwani bomba huzibwa kwa siku chache, na maji yaliyo chini yake hukaa na sumu miaka mingi.

Twajua kuwa tathmini ya mazingira iliandikwa, na cheti kikatolewa mwaka 2019. Hatusemi kazi haikufanywa. Twasema kuwa mwenye bomba asiwe ndiye mpimaji, na mtunza daftari, na msomaji wa daftari. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. TotalEnergies wana asilimia 62 ya bomba hilo. Tanzania, kwa njia ya Shirika la Maendeleo ya Petroli, ina asilimia 15. Basi hata Serikali ni mwenye mali. Yafaa ipime Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na kwa kuwa Bodi nayo ni ya Serikali, nusu ya maji yale yale ipelekwe maabara ya chuo kikuu. Majibu yabandikwe katika ofisi za vijiji, kwa Kiswahili, kwa tarakimu zile zile zilizotoka maabara.

Watasema tunapinga maendeleo. Bomba na lipite. Sisi twataka daftari.

Wala tusijione tuko mbali na khatari hii. Unguja na Pemba twanywa maji ya visima na chemchem, na chini ya vituo vyetu vya petroli yamezikwa matangi. Hayo tutayaandikia siku yake. Kwa sasa twawataka wabunge wa visiwani, wakifika Dodoma, waulize: kati ya Korogwe na Chongoleani pana visima vingapi vya kupimia, vilipimwa lini mara ya mwisho, na mwananchi wa Muheza akitaka kuyaona majibu yake, aende kugonga mlango gani?